Kwa Nini Tunapenda Habari za Wauaji?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Yamechapwa ili mliosikia kwa masikio mpate kuyasoma kwa macho yenu wenyewe.

Natumaini kila mmoja amepata karatasi yake, na ninyi mliotoka Mwaloni jioni hii na magamba ya samaki bado mikononi mmepata mahali pa kukaa. Leo sitasema juu ya mbolea, wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Nitasema juu ya jambo ambalo ninyi wenyewe hulizungumza sana hata bila mwalimu, yaani habari za watu wanaoua watu.

Sina maana ya ugomvi wa kilabuni, mtu akampiga mwenziwe kwa chupa. Habari hizo husikika leo, na kesho zimesahauliwa. Nina maana ya yule mtu mmoja anayeua, akatulia, akaua tena, akatulia, hata hesabu ikafika kumi au ishirini, na jirani zake wasijue neno. Panda daladala ya kwenda Igoma, utasikia dereva amefungulia hadithi ya namna hiyo. Ingia saluni Kirumba, utakuta simu imeegemezwa kwenye kioo, na mtu mwenye sauti nzito anasimulia mambo ya mwuaji wa Marekani aliyekwisha kufa zamani; mama amekwisha sukwa, nywele zimekwisha, lakini haondoki mpaka ajue alikamatwaje. Na wavuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi ambapo hawaendi ziwani, hukaa kambini watu sita kwa simu moja, wakisikiliza.

Wako watakaosema kwamba kupenda habari hizi ni dhambi. Mimi sisemi hivyo. Ingekuwa dhambi, basi babu na bibi zetu wote walikuwa wenye dhambi, maana hadithi walizotusimulia jioni zilijaa mazimwi. Ninyi Wasukuma mnaijua hadithi ya Shing'weng'we, lile dubwana lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mwenye mimba aliyejificha. Mama yule akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, akalitafuta dubwana, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Sasa tazameni jinsi hadithi ile ilivyotengenezwa. Adui ni mmoja. Hafanani nasi. Yuko nje ya boma. Akifa yeye, taabu imekwisha, na waliomezwa wanarudi nyumbani. Mtoto aliyekaa karibu na moto huogopa, lakini huogopa akiwa amemwegemea bibi yake, na hofu ya namna hiyo ina utamu wake.

Habari za wauaji zinazosimuliwa siku hizi zina umbo lilelile. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayetoka tumboni mwa dubwana.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya heshima. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Amanda Vicary na R. Chris Fraley, walichapa uchunguzi wao juu ya watu wanaopenda vitabu vya mauaji ya kweli. Waliona kwamba wanawake huvipenda kuliko wanaume, na zaidi hupenda vitabu vinavyoeleza jinsi mtu alivyomponyoka mwuaji. Mtu ajionaye kuwa anaweza kushambuliwa hutaka kujua hatari inafanana na nini, ili akiiona aikimbie. Mama wa saluni asiyeondoka mpaka hadithi iishe si mpumbavu. Anatafuta maarifa. Neno la kuuliza ni hili: je, maarifa anayopewa ni ya kweli?

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, London, mwaka 1888, kwa sababu namna hii ya habari ilipata nguvu nyingi kule, na waliozisoma walikuwa watu kama ninyi. Mwaka 1870 Uingereza ilikuwa imetunga sheria ya kuanzisha shule kwa watoto wa watu maskini. Kwa hiyo, ilipofika 1888, wengi wa makuli, wafuaji wa nguo na wauza samaki walikuwa watu wa kwanza katika ukoo wao kuweza kusoma gazeti. Na magazeti ya bei yao yakatokea. Gazeti moja, The Star, lilianza Januari mwaka huohuo, likiuzwa nusu peni tu.

Basi, kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba, wanawake watano waliuawa katika mitaa maskini ya mashariki ya London, huko Whitechapel na jirani yake. Mwuaji hakupatikana, na hata leo hajulikani. Lakini mwishoni mwa Septemba barua iliyoandikwa kwa wino mwekundu ilifika katika ofisi ya kukusanya habari za magazeti, imetiwa sahihi ya jina la Jack the Ripper. Magazeti yakalichukua jina hilo, likaruka mji mzima. Wakubwa wa polisi wa wakati ule waliamini kwamba barua ile haikuandikwa na mwuaji. Kwa mawazo yao iliandikwa na mwandishi wa habari mwenye kutaka gazeti linunuliwe. Kwa maneno mengine, mtu hajulikani, lakini jina lake la biashara linajulikana ulimwengu mzima. Miaka mia moja na zaidi imepita, na hata siku hizi wageni wa London hulipa fedha ili waongozwe usiku katika mitaa ile.

Waliouawa walikuwa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Nichols alikuwa mama wa watoto watano. Stride alizaliwa Sweden, akaja London kutafuta kazi, kama vile mtu wa Ukerewe anavyovuka maji kuja Mwanza. Nimeyaandika majina yao hapa kusudi, kwa kuwa ni vigumu kumpata mtu anayeyajua, hata miongoni mwa wale wasemao kwamba hadithi hii wanaijua yote.

Mfano wa pili ni wa Uingereza hiyohiyo, lakini wa karibu zaidi na wakati wetu. Katika mji mdogo wa Hyde, karibu na Manchester, alikuwako daktari jina lake Harold Shipman. Alikuwa na ndevu na miwani, na wagonjwa wake walimpenda, maana alikubali kwenda kuwatazama nyumbani, jambo ambalo madaktari wengi walikwisha acha. Daktari huyu aliwaua wagonjwa wake kwa sindano ya dawa kali. Mwezi Januari 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa vifo 15. Baadaye serikali ikaunda tume chini ya jaji Dame Janet Smith, nayo mwaka 2002 ikasema kwamba aliowaua ni 215, katika muda wa miaka zaidi ya ishirini. Wengi wao walikuwa bibi vizee waliokaa peke yao.

Wanafunzi wangu, angalieni jinsi alivyogunduliwa. Hakugunduliwa kwa ndoto, wala kwa ramli, wala kwa kumtazama usoni. Mapema mwaka 1998 daktari mwenziwe wa jirani aliona kwamba fomu za vifo kutoka kwa Shipman ni nyingi mno, akatoa taarifa. Polisi wakachunguza juujuu, wakaacha. Baadaye mwaka huohuo bibi mmoja akafa, ikaonekana hati ya wosia iliyomwachia daktari mali yote. Binti wa bibi yule alikuwa mwanasheria. Aliisoma hati, akaona imepigwa chapa vibaya na maneno yake si ya mama yake, akakataa kunyamaza. Karatasi ndizo zilizomshika mwuaji, na watu walioweza kuzisoma.

Hesabu ya 215 iliushangaza ulimwengu. Vitabu vimeandikwa, sinema zimetengenezwa. Sasa turudi nyumbani, maana nimewazungusha London na Hyde ili tufike hapa.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu zilizokusanywa na serikali na kuelezwa katika maandishi ya Dakta Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Zaidi ya nusu waliuawa katika nchi ya Wasukuma, yaani Mwanza na Shinyanga za wakati ule, na katika hao wa Usukumani wengi sana walikuwa wanawake. Na mambo hayakuishia 1984. Hata mwanzoni mwa miaka ya 2010 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikuwa bado kinahesabu vifo vya namna hiyo kwa mamia kila mwaka.

Hao nao ni bibi vizee. Hao nao wengi walikaa peke yao. Nani ametengeneza sinema?

Mnajua ninyi, kuliko mimi, jinsi mambo yalivyokuwa. Mtoto ameugua, au ng'ombe wamekufa, au ndugu wanagombania shamba la baba. Mtu anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hasemi mbu, wala maji machafu. Anamtaja mama mkongwe wa nyumba ya tatu. Ushahidi ni macho yake mekundu. Lakini mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba kwa miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Daktari wa Hyde alikuwa na macho meupe kabisa nyuma ya miwani yake.

Baada ya ramli hutafutwa kijana wa kulipwa. Watu wamewapa jina, wakata mapanga. Mtu wa namna hiyo, akifanya kazi ileile katika kijiji hiki na kijiji kile, ni sawasawa na yule tunayemsikiliza katika simu kwa saa nzima. Lakini hatumsimulii. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na mawazo yangu ni haya. Hadithi ya dubwana inatufurahisha kwa kuwa sisi hatumo ndani yake, ila kama watazamaji. Hii ya wakata mapanga ina watu wengi mno, na wote ni wa hapahapa. Yumo anayetaja jina. Yumo ndugu anayetoa fedha, pengine kwa kuuza ng'ombe mnadani mchana kweupe. Yumo kijana wa panga. Na yumo jirani aliyesikia yowe, yaani mwano, usiku, akajifunika blanketi. Ukiisimulia hadithi hii kilabuni, huenda mmoja wa wasikilizaji akainama chini asitazame mtu. Basi tunaona afadhali kusimulia ya Marekani.

Hata katika hadithi ya Masala Kulangwa kuna kipande ambacho nadhani hamjakisahau. Wako wasimuliaji wanaosema kwamba alipolipasua tumbo la dubwana, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, naye akakasirika, akataka kumroga mwokozi wake. Tazama! Watu wote wamekwisha okolewa, dubwana amelala amekufa, na bado hadithi inamtafuta bibi kizee wa kumtilia shaka. Siwaambii mwache kuwasimulia wajukuu. Ni hadithi nzuri. Lakini mfikapo kwenye sikio, nyamazeni kidogo mfikiri.

Tena kuna mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo yalienea tangu mwaka 2007 hivi katika mikoa yetu hii ya Ziwa. (Neno zeruzeru tuliache, ni tusi.) Mwaka 2008 Bibi Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC, alijifanya mteja, akaenda kwa waganga huku kwetu, nao wakamwambia mambo ya viungo vya watu kama mtu anayetajiwa bei ya kitenge. Alipotangaza aliyoyasikia alitishiwa maisha yake. Mwezi Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga, na Machi mwaka huo wananchi wakapigishwa kura za siri kuwataja waliowashuku. Tarehe 23 Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji ya namna hiyo. Jina la mvulana silitaji hapa, kwa kuwa jamaa zake wapo.

Watu watatu walihukumiwa. Lakini kiungo cha mtu hakina kazi kwa aliyekikata. Anakipeleka kwa mganga, na mganga ana mteja mwenye fedha, mtu anayetaka bahati katika machimbo, au katika uvuvi, au katika uchaguzi. Wateja hao karibu hatujawasikia mahakamani. Hapo pia hadithi ya dubwana mmoja imetuharibia macho: tumezoea kumtafuta mwenye panga, akipatikana tunashusha pumzi na kwenda kulala. Ukifika Sengerema utaona sanamu ya chuma ya baba amembeba mtoto mwenye ualbino mabegani, na mama anamvika mtoto kofia pana ya kukinga jua. Majina ya walioshambuliwa yameandikwa hapo. Ni mojawapo ya mahali pachache katika nchi yetu ambapo mtu anayejua kusoma anaweza kusimama akasoma majina ya waliouawa badala ya majina ya wauaji. Ukipita kule kwa shughuli zako, nenda ukayasome.

Sasa nataka kusema juu ya hatari nyingine, nayo ni haraka. Mtu aliyezoea hadithi hutaka mwisho wake upesi. Anataka mwuaji apatikane leo, na akipatikana, asitokee mtu wa kuuliza kama ndiye.

Jambo hili limetupata sisi wenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 mauaji ya vikongwe yalizidi Mwanza na Shinyanga, na wakubwa wakataka yakomeshwe mara moja. Mwaka 1976 polisi na watu wa usalama wakakusanya watuhumiwa wengi. Wakawatesa ili waseme, na baadhi yao wakafa mikononi mwa serikali. Mambo yalipojulikana, mwaka 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Waziri huyo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye mwenyewe hakumpiga mtu hata kofi, lakini alisema dhamana ni yake. Wakubwa wengine wakaacha kazi pamoja naye, na askari waliohusika wakapelekwa mahakamani. Mzee Mwinyi mwaka 1985 akawa Rais wetu, na ameaga dunia tarehe 29 Februari 2024. Vijana wengi wanajua juu ya kujiuzulu kwake, ila hawajui sababu, na hawajui kwamba waliokufa walikuwa watu wa huku kwetu.

Wenzetu wa Kenya nao wameyaona. Mwezi Julai 2021 polisi walimkamata kijana mmoja, wakasema amekiri kuua watoto zaidi ya kumi. Oktoba, siku ya kufikishwa mahakamani, ikaonekana ametoroka katika kituo cha polisi Nairobi. Baada ya siku mbili hivi watu wa kwao, Bungoma, wakamkamata, wakampiga mpaka akafa. Wengi walishangilia. Lakini fikirini juu ya wazazi wa watoto wale. Hakuna jaji atakayewaambia mtoto wao alikufaje, saa ngapi, na kama mtu yule alikuwa peke yake au alikuwa na wenziwe. Maswali yao yamepigwa mawe pamoja naye.

Tena Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa katika shimo la machimbo ya mawe huko Kware, Nairobi. Polisi wakasema mtu waliyemkamata amekiri kuua wanawake 42. Hesabu hiyo ikasomwa ulimwenguni pote. Miili iliyotolewa haikufika hata nusu yake, na wakili wa mtu yule akasema mteja wake aliteswa. Tarehe 20 Agosti 2024 mtu huyo akatoroka kituoni pamoja na wengine 12, kesi haijasikilizwa. Basi hiyo 42 ni nini? Ni kitu alichosema mtu akiwa mikononi mwa polisi, kama walivyotuambia polisi. Mtu aliyesoma maneno ya polepole angeona hivyo. Mtu aliyesoma herufi kubwa tu aliona wanawake 42.

Mahali pengine haraka haihitaji hata maiti. Wazee wetu walisikia habari za mumiani, ati watu wanaonyonya damu ya wenzao kwa mirija waiuze. Huku wengine waliwaita chinjachinja. Miaka ikapita, na mwaka 2017 uvumi wa namna hiyohiyo ulitokea kusini mwa Malawi, Mulanje na Phalombe. Hakuna mnyonya damu aliyepatikana. Lakini watu kadhaa waliuawa na makundi ya watu waliokuwa wakimtafuta. Hadithi haikuwa na mwuaji, ikawatengeneza wauaji.

Haya, sasa tuje kwenye somo lenyewe la kusoma. Chukueni karatasi zenu, na msimamizi aandike ubaoni maneno manne: ametuhumiwa, ameshtakiwa, amekiri, amepatikana na hatia. Maneno haya yanafanana machoni pa mtu mwenye haraka, na wauzaji wa habari wanajua hivyo.

Ametuhumiwa maana yake ni kwamba mtu fulani amesema ndiye. Hata wewe unaweza kutuhumiwa kesho na jirani mwenye chuki. Ameshtakiwa ni mbele kidogo: amesomewa shitaka mahakamani, naye hajajibu, au amekana. Katika neno amekiri, ulizeni kila mara, kwa nani? Kukiri kituoni usiku si sawa na kukiri mbele ya jaji mchana, watu wakisikia. Neno la mwisho ndilo zito, kwa sababu limetoka kwa mahakama iliyosikiliza pande mbili. Na hata hapo iko rufani. Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Ibara hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuwapendeza wauaji. Iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na wako watu wa mikoa yetu waliokufa kabla ya hapo ambao ingewafaa.

Kazi ya juma hili ni rahisi. Tafuteni gazeti la zamani, hata lile lililofungia maandazi, lenye habari ya mauaji. Kwa kalamu ya risasi mpigie mstari kila mahali lilipoandikwa jina la mwuaji au mtuhumiwa, halafu mpige mistari miwili kila mahali lilipoandikwa jina la aliyeuawa. Hesabuni. Halafu mtafute lile neno mojawapo kati ya maneno manne, muone mwandishi ametumia lipi chini, na lipi katika kichwa cha habari. Mara nyingine hayapatani.

Na liko swali la mazungumzo, lisiloandikwa. Katika mtaa wako yuko mama mkongwe akaaye peke yake. Usilitaje jina lake darasani, wala usiliandike popote. Jibu tu hili: akipiga mwano usiku wa leo, nyumba ya kwanza itakayosikia ni ya nani, na mlango wake utafunguliwa au hautafunguliwa?

Juma lijalo tutajifunza kusoma cheti cha kifo kinachotolewa na RITA: mahali pa jina, mahali pa tarehe, mahali pa sababu. Mwenye nacho nyumbani aje nacho. Kwaherini.